Mcheza Kwao Hutunzwa: Mawazo Juu ya Elvis Presley na Watu Waliompenda



Liko swali moja ambalo wapenda nyimbo wote hawana budi kujiuliza, nalo ni hili: Mtu akitupa furaha kwa kipawa chake, sisi twadaiwa nini? Tukimlipa fedha na kumpigia makofi, je, deni limekwisha, au liko deni jingine lisilolipwa kwa fedha?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya mcheza ngoma wa kijijini, na juu ya mwalimu wa kwaya, na juu ya mhubiri mwenye ulimi mtamu. Lakini leo twataka kulichungua kwa habari za mtu mmoja ambaye sauti yake ilifika karibu kila nchi, yaani Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani. Twamchagua huyu kwa sababu twazipenda nyimbo zake. Tena twamchagua kwa sababu habari zake zimeandikwa na kupigwa picha tangu mwanzo mpaka mwisho, hata hakuna awezaye kusema kwamba mambo yale yalitendeka gizani. Kupanda kwake kulionekana na watu wote, na kushuka kwake vilevile.

Huenda mmoja wenu atauliza: Wakristo wana faida gani kufikiri juu ya mwimbaji wa muziki wa roki? Twajibu kwamba mtu huyu alilelewa kanisani, wala nyimbo za kanisa hazikumtoka moyoni hata siku za mwisho. Na swali la kumpenda jirani haliishi mlangoni pa kanisa. Humfuata mtu barabarani, na sokoni, na mahali anapokaa kusikiliza santuri.

1. KUPANDA KWAKE

Elvis alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 katika mji mdogo wa Tupelo, jimbo la Mississippi, katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili tu. Ndugu yake pacha alizaliwa hali amekwisha kufa, basi akabaki mtoto wa pekee wa Vernon na Gladys. Walikuwa watu maskini kabisa. Mwaka 1938 baba yake alifungwa gerezani kwa sababu ya hundi iliyoghushiwa, mama akaachwa na mtoto mdogo. Siku za Jumapili walikwenda katika kanisa la Assemblies of God, na huko mtoto alizisikia nyimbo zilizomshika moyo kwanza. Mwaka 1948 wakahamia mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Elvis akamaliza shule huko mwaka 1953, akafanya kazi za mikono, na baadaye akawa dereva wa gari la mizigo la mafundi wa umeme.

Katika mwaka ule wa 1953 alikwenda katika chumba cha kunasia sauti cha Sam Phillips, akalipa dola chache ili sauti yake itiwe katika sahani ya santuri. Mwaka uliofuata Phillips alimwita, na tarehe 5 Julai 1954 akaimba wimbo uitwao "That's All Right" pamoja na Scotty Moore, mpiga gitaa, na Bill Black, mpiga besi. Siku chache zilipopita wimbo ukapigwa katika redio ya Memphis, watu wakapiga simu wakitaka kuusikia tena na tena.

Lakini wahenga walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wimbo ule haukuzaliwa siku ile. Ulikuwa umetungwa na kuimbwa katika santuri mwaka 1946 na Arthur Crudup, mtu mweusi wa Mississippi. Kadhalika "Hound Dog," wimbo mwingine uliompa Elvis sifa kubwa, ulikuwa umeimbwa kwanza na mwanamke mweusi, Big Mama Thornton. Elvis mwenyewe hakuficha kwamba amejifunza kwa watu hao. Hata hivyo Crudup alikufa mwaka 1974 bila kulipwa haki yake yote. Twalitaja jambo hili mapema, maana laonyesha kwamba tangu mwanzo hadithi hii ina deni ndani yake. Wimbo ulichukuliwa, mwenye wimbo akaachwa. Tutaona kwamba jambo lililompata Crudup lilimpata Elvis pia kwa njia nyingine, ingawa yeye alikuwa tajiri.

Mwezi wa Novemba 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000, fedha nyingi mno kwa mwimbaji katika siku zile. Mwaka 1956 "Heartbreak Hotel" ukasikiwa nchi nzima, na tarehe 9 Septemba mwaka ule, alipoonekana katika televisheni, inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 60 walimtazama. Wasichana walipiga kelele hata wimbo usisikike. Wazazi wengi waliogopa, na wahubiri wengine walimkemea kwa jinsi alivyotikisa viungo vyake. Mwezi wa Januari 1957 televisheni ilimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Na katika saa ile ile ambayo watu waliuficha mwili wake usionekane, yeye alisimama akaimba wimbo wa kanisa, "Peace in the Valley." Katika mwaka ule, akiwa na miaka 22, alinunua nyumba kubwa ya Graceland huko Memphis, akawaleta wazazi wake wakae humo pamoja naye.

2. KUSHUKA KWAKE

Mwezi wa Machi 1958 aliitwa jeshini. Mwezi wa Agosti mama yake akafa, naye Elvis alilia kwa uchungu mbele ya watu wote. Kisha akapelekwa Ujerumani. Aliporudi mwaka 1960, msimamizi wake, aliyeitwa Kanali Tom Parker, alimtia katika kazi ya sinema. Sinema alizocheza maishani zilikuwa 31, na nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa haraka, hadithi zake hafifu na nyimbo zake hafifu vilevile. Tangu mwezi wa Machi 1961 hakuimba tena mbele ya watu kwa miaka saba.

Mwaka 1968 aliinuka tena, nasi yafaa tuangalie vizuri sababu yake. Kampuni moja ya televisheni ilitaka kumwonyesha, na Parker alitaka aimbe nyimbo za Krismasi, basi. Lakini mwongozaji kijana, Steve Binder, alikataa. Alithubutu kumwambia Elvis kweli juu ya hali yake, ya kuwa watu wameanza kumsahau. Akamketisha katika duara dogo pamoja na rafiki zake wa zamani, gitaa mkononi, na watazamaji karibu naye, akamwacha aimbe kama aimbavyo mtu nyumbani. Mwisho akaimba "If I Can Dream," wimbo uliotungwa baada ya Martin Luther King kuuawa katika mji ule ule wa Memphis. Wengi husema kwamba Elvis hakuimba vizuri kuliko siku hizo. Basi tukumbuke: aliinuliwa na mtu aliyempinga msimamizi wake, akamwambia yeye mwenyewe kweli.

Tangu mwaka 1969 aliimba Las Vegas, na hata kufika mwaka 1976 alikuwa amesimama jukwaani huko zaidi ya mara 600. Mara nyingi aliimba mara mbili katika usiku mmoja. Tarehe 14 Januari 1973 aliimba Honolulu, na picha zikarushwa kwa setilaiti mpaka nchi za mbali. Viingilio vya usiku ule vilitolewa kuwa msaada wa fedha za kupigana na saratani, na dola 75,000 zikapatikana. Kwa macho ya ulimwengu alikuwa amefika kileleni.

Lakini mwaka ule ule nyumba yake ilivunjika, akaachana na mkewe, akalazwa hospitali. Tena haki zake za nyimbo zote za zamani ziliuzwa kwa RCA kwa dola milioni 5.4, na nusu ya fedha hizo akaichukua Parker. Parker alikuwa amezaliwa katika mji wa Breda, Uholanzi, wala hakuwa na hati za kumwezesha kutoka Marekani na kurudi. Elvis hakuimba kamwe katika Ulaya wala Asia wala Afrika. Nje ya Marekani aliimba Kanada tu, mwaka 1957. Sisi wa mbali tuliipata sauti yake, mtu mwenyewe tusimwone.

Miaka iliyofuata alikuwa mtu mgonjwa aliyesafirishwa kutoka mji hata mji. Alitumia dawa za kulala, na dawa za kuamka, na dawa za maumivu, zote zimeandikwa na madaktari. Uchunguzi uliofanywa baada ya kufa kwake ulionyesha kwamba katika miezi minane tu ya mwaka 1977 daktari mmoja alikuwa ameandika dozi zaidi ya 10,000. Mwisho wa mwezi wa Machi 1977, huko Baton Rouge, hakuweza kutoka katika chumba chake cha hoteli. Akarudishwa Memphis, akalazwa hospitali. Tarehe 21 Aprili alikuwa jukwaani tena. Katika mwaka huo, ambao hakuumaliza, aliimba mbele ya watu zaidi ya mara 50. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 26 Juni, huko Indianapolis. Tarehe 16 Agosti 1977 alikutwa amekufa katika nyumba yake ya Graceland. Umri wake ulikuwa miaka 42.

3. MGEMA NA WANYWAJI

Sasa twarudi katika swali letu. Watu wengi wakisikia habari hizi hutoa hukumu upesi kwa mithali ya wahenga: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake, sifa humharibu msifiwa. Elvis alisifiwa mno, akalegea, akajiharibu, basi yamekwisha.

Hatusemi kwamba mithali hiyo ni ya uongo. Elvis alikuwa mtu mzima mwenye akili. Hakuna aliyemfunga kamba mkono akamtia dawa kinywani. Aliwapenda watu wenye kumkubalia kila neno, naye aliwalisha. Kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe, naye ameuchukua wake.

Lakini tuitazame mithali tena. Humo amo mgema, limo na tembo, na maji yamo. Je, wanywaji wako wapi? Tembo lilipotiwa maji, wao walionja. Ulimi wao ulijua tofauti. Mbona waliendelea kusifu? Mnywaji aonjaye maji akasema, Tembo zuri sana, yeye naye ametia maji. Tena ikiwa mgema amelitia maji tembo si kwa ujanja wala kwa uvivu, bali kwa sababu ni mgonjwa, na mikono yatetemeka, na hawezi tena kukwea mnazi, tuseme nini juu ya watu waliosimama chini wakipiga vigelegele ili akwee tena?

Picha zilizopigwa mwezi wa Juni 1977 zipo, na mtu aweza kuziona hata leo. Mwili wake umevimba. Jasho lamtiririka. Katika wimbo mmoja aliouimba mara nyingi anasoma maneno katika karatasi. Na watu wanashangilia. Hawakushangilia kwa ubaya, maana walimpenda kwa kweli. Wengine walikuwa wamemsikiliza miaka 20. Hilo ndilo linalotusumbua zaidi katika habari hii yote. Kama wangekuwa adui zake, tungejua la kusema.

Walikuwako na watu wa namna nyingine, waliomcheka kwa unene wake na mavazi yake. Watu hudhani kwamba kushangilia na kucheka ni mambo yaliyo mbali. Sisi twaona ni ndugu. Mwenye kushangilia anaitazama sura ya zamani, naye mwenye kucheka anaitazama sura ya sasa, na wote wawili hawamwoni mtu aliye ndani.

4. NENO MOJA, MAANA MBILI

Iko mithali nyingine iwezayo kutuongoza: Mcheza kwao hutunzwa. Katika lugha yetu neno hili, kutunza, lina maana mbili. Kwanza, ni kumpa mchezaji zawadi. Ngoma ikinoga, watazamaji hutoka wakamtia sarafu mkononi, na huko ndiko kumtunza. Pili, ni kumlinda mtu au kitu kisiharibike, kama mtu atunzavyo mtoto, au mgonjwa, au shamba.

Basi Elvis alitunzwa kwa maana ya kwanza kuliko karibu waimbaji wote wa wakati wake. Alipewa fedha, na makofi, na machozi, na jina la mfalme. Lakini kwa maana ya pili ni nani aliyemtunza? Watu wa nyumba yake wengi walikula kwa wimbo wake: jamaa, rafiki, walinzi, watumishi. Akinyamaza yeye, wao wote hupungukiwa. Mtu ambaye chakula chake chatoka katika koo la mwenzake atawezaje kumwambia, Nyamaza upumzike? Walinzi wake watatu waliandika kitabu kueleza habari za dawa zake, nacho kikatolewa mwezi wa Agosti 1977, majuma mawili kabla hajafa. Lakini walikuwa wamekwisha kufukuzwa kazini mwaka 1976. Kweli ilisemwa mbele ya watu wote baada ya mshahara kukoma. Naye msimamizi, ambaye ilikuwa kazi yake kumlinda, ndiye aliyechukua nusu katika mikataba mingi. Baadaye mahakama ya Memphis iliagiza mambo hayo yachunguzwe kwa ajili ya binti wa marehemu, na mwanasheria aliyepewa kazi hiyo akaona kwamba sehemu ya Parker ilizidi kiasi. Lakini hapo mwenyewe alikuwa kaburini.

Tena tuangalie neno lile "kwao." Mcheza ugenini hupewa sarafu, kisha huenda zake. Mcheza kwao ana mama, na shangazi, na wazee, ambao wakimwona amechoka humshika mkono wakamwambia, Mwanangu, keti. Kwa hiyo mtu achezaye kwao hutunzwa kwa maana zote mbili. Elvis alikuwa na nyumba kubwa, lakini tangu mwaka 1958, mama yake alipozikwa, twaona kwamba mahali pale palipoitwa kwao palipungua siku kwa siku, hata akawa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, akilala mchana na kukesha usiku, madirisha yamefunikwa.

Biblia yatuonyesha mfano wa kutunza kwa maana ya pili. Musa alikuwa akikaa tangu asubuhi hata jioni kuwaamua watu, nao walimzunguka pande zote. Kila mmoja alikuja na shauri lake, wala hakuna aliyekuja na shauri la Musa. Ndipo akaja Yethro, mkwewe, mtu wa kutoka mbali, asiyekuwa na kesi wala mshahara. Akatazama siku moja tu, akamwambia Musa kwamba jambo lile si jema, naye atachoka, yeye pamoja na watu. Musa hakukasirika, akamsikiliza. Basi twajifunza mambo mawili: kwanza, kuona uchovu wa mtu mkubwa kwahitaji macho yasiyotaka kitu kwake, pili, mtu mkubwa naye sharti awe na sikio. Steve Binder alikuwa kama Yethro kwa Elvis mwaka 1968, nasi tumeona matunda yake. Kwa kadiri tuwezavyo kusoma katika habari za miaka ya mwisho, hakutokea tena mtu kama huyo aliyekaa naye karibu akasikilizwa.

5. HOJA ZA KUPINGA

Yafaa tuzisikilize hoja tatu ziwezazo kutolewa juu ya maneno yetu.

Ya kwanza: Washangiliaji hawakuwa na uwezo. Mtu aliyenunua kiingilio Indianapolis angefanya nini? Hamjui daktari wake, wala hawezi kuingia Graceland. Twajibu: ni kweli, mmoja hana uwezo, wala hatumpi mmoja hukumu ya elfu. Lakini ziara zile zilifanywa kwa kuwa viti vilijaa. Aliyeuza alijua kwamba watanunua, hata bidhaa ikiwa ni mtu anayekufa. Kila mtu aweza kujiuliza swali moja dogo: Kama usiku ule angetokea mtu jukwaani akasema, Mwimbaji ni mgonjwa, amekwenda kulala, je, ningefurahi kwa ajili yake, au ningenung'unika kwa ajili ya fedha zangu? Jibu la swali hilo ndilo lipimalo upendo, nalo hujibiwa moyoni, bila kuvuka mlango wa mtu.

Ya pili: Kuimba kulikuwa dawa yake, na kumnyamazisha kungemwua mapema. Hoja hii ina uzito, wala hatutaki kuipuuza. Tarehe 21 Juni 1977, huko Rapid City, alikaa kwenye piano akaimba "Unchained Melody." Mwili ulikuwa umevunjika, lakini sauti ilipanda, haikuvunjika. Alipomaliza alitabasamu kama kijana. Mtu aonaye picha zile hawezi kusema kwamba hakuwa na furaha dakika zile. Basi ni kweli, aliuhitaji wimbo. Lakini kuuhitaji wimbo si kuhitaji maonyesho 50, na ndege kila siku, na dawa za kumwamsha na za kumlaza. Mara nyingi, baada ya maonyesho, alikaa usiku na waimbaji wenzake wakaimba nyimbo za kanisa mpaka karibu na alfajiri. Huko hapakuwa na kiingilio. Zaidi ya hayo, tuzo zake tatu za Grammy alizoshindania na waimbaji wengine zote zilikuwa kwa nyimbo za kanisa, na mbili zilikuwa kwa "How Great Thou Art," wimbo wenye asili ya utenzi wa Carl Boberg wa Uswidi wa mwaka 1885, ambao makanisa yetu nayo yaujua. Haikuwa lazima kuchagua kati ya kumnyamazisha na kumchosha. Iko njia ya tatu, nayo ni kumwacha mtu aimbe kama mtu, bila kumwuza.

Ya tatu: Ikiwa ni hivyo, basi ni haramu kufurahia nyimbo zake, hasa za mwisho. Hapa twasema, Hapana. Kipawa ni chema, naye aliyekipokea alikitoa kwa moyo. Kukikataa sasa hakumsaidii marehemu. Lakini iko furaha ijuayo gharama ya kitu, na iko furaha isiyotaka kujua. Tuusikilizapo wimbo wa Rapid City, na tuusikilize kama tulavyo chakula kilichopikwa na mgonjwa: kwa shukrani, na kwa huzuni, na kwa kumtaja aliyekipika.

6. MWISHO WA MANENO

Graceland ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1982, na kila mwaka mamia ya maelfu ya watu hufika. Mwezi wa Agosti wapenzi wake hushika mishumaa usiku, wakapita kaburini pake kimya. Hatuwacheki watu hao, maana twazipenda nyimbo walizozipenda. Pengine wanafanya sasa lile ambalo halikuwezekana alipokuwa hai: wanakaa karibu naye bila kutaka aimbe.

Hilo ndilo jibu letu la swali tuliloanza nalo. Mtu atupaye furaha kwa kipawa chake twadaiwa naye mambo mawili. Tuzo, nalo hulipwa haraka na kwa kelele. Na matunzo, nayo hulipwa polepole na kwa kunyamaza. Mwenye kulipa la kwanza peke yake ameipenda sauti. Mwenye kulipa yote mawili amempenda mtu. Na alama ya kumpenda mtu ni hii, kwamba waweza kumwambia, Usiimbe leo, nasi tutakupenda vivyo hivyo kesho.

Ndugu zetu, sisi hatuna Las Vegas, wala hatuna msimamizi achukuaye nusu. Lakini katika kila usharika yuko mtu mmoja mwenye sauti kuliko wote, ambaye huitwa kila arusi na kila maziko. Yuko mwinjilisti ambaye mahubiri yake hupendwa, naye huombwa kwenda vijiji vitatu katika Jumapili moja. Yuko mwalimu wa kwaya ambaye hatujamwuliza hata siku moja habari za kifua chake, wala za watoto wake, kwa kuwa kila tukimwona twamwuliza habari ya wimbo. Twawasifu sana watu hao. Je, twawatunza? Ni nani kati yetu aliye Yethro wao, asiyetaka kitu kwao, awezaye kukaa nao baraza moja na kuwaambia, Ndugu, umechoka, wiki hii mwingine atashika kazi yako?

Nanyi mliopewa kipawa, mkiambiwa neno kama hilo na mtu asiyepata faida kwenu, msimwone adui. Makofi mtayapata kwa wengi. Neno kama hilo si wengi watakaowaambia.